Mzee aliyemwigiza Kufuli alikuja kwetu Kalama kurudisha alichoazima

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Mara ya kwanza niliona ni mrefu. Mara ya pili nikaona mtasema nimetunga. Mara ya tatu na ya nne sikumbuki, niliogopa tu. Leo naubandika kabla sijausoma tena.

Yote ni ya kweli isipokuwa majina. Hayo nimebadilisha kwa sababu mamangu ana smartphone siku hizi na binamu zake wako humu.

Kidogo kunihusu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano, wa Kalama, Machakos. Nilisomea Actuarial Science. Kwa wasiojua, hiyo ni degree ya kukadiria mabaya yanayoweza kumpata mtu. Wenzangu walienda chuo kuisoma, mimi nilizaliwa nayo.

Nikitoka nyumbani nafunga mlango, nagonga kufuli mara mbili kwa kiganja, navuta chini, naondoka. Nikifika kama hatua nane nasimama. Nanusa vidole. Vikinuka chuma, basi kweli nilishika kufuli.

Na bado narudi kuangalia.

Hiyo ya kunusa vidole sijawahi kumwambia mtu. Nyinyi ndio wa kwanza. Ishikeni hapo, tutaihitaji.

Mamangu, mwaitu kama tunavyosema kwetu, alikuwa hawezi kuvumilia nikirudi mlangoni. Anasonya, anasema "Acha hiyo maneno, mlango ni mlango," halafu anaingia jikoni na kukaa kimya mpaka jioni. Mimi nilidhani namchosha. Nilikuwa najiambia nikipata kazi nitahama, apumzike.

Sasa tuje kwa mzee.

Kama ulikulia upande wetu miaka ile, kulikuwa na kipindi cha Jumapili jioni kwenye TV. Sitakitaja. Kwetu TV ilikuwa moja, kwa jirani, inatumia betri ya gari. Mtu mmoja anatoka kuzungusha aerial, wengine ndani wanapiga kelele "hapo hapo, usiguse tena," na yeye anakosa kipindi kizima akiwa amesimama hapo nje ameshika mti wake. Watoto chini, wamama kwa benchi, wazee kwa viti. Betri ikianza kuisha picha inajikunja pembeni na watu wanasogea mbele kana kwamba wataishikilia.

Mimi niliyakuta marudio tu, lakini nayakumbuka.

Kwenye kipindi hicho kulikuwa na karani wa stoo aliyeitwa Kufuli. Hakuwa mhusika mkuu. Mkuu alikuwa mwizi mjanja, na kila mtu alimsahau. Kufuli ndiye alibaki. Bosi anamuuliza, "Kufuli, umefunga?" Anajibu, "Nimefunga. Lakini ngoja niende nihakikishe." Akienda kuhakikisha ndipo mwizi anaingia kwa mlango wa nyuma.

Ilikuwa vile vile kila Jumapili, na watu walicheka kila Jumapili.

Aliyemwigiza ni mzee Nzioka, na anaishi hapa hapa. Mpaka leo akishuka Machakos mjini kununua dawa ya ng'ombe, mtu lazima amwite kutoka ng'ambo ya barabara. "Kufuli, umefunga?" Na yeye, hata akiwa na haraka, anajibu maneno yake.

Hata mimi nilimwita. Nilikuwa darasa la tatu, tumetoka shule, nikamwona, nikapaza sauti kuliko wote. Mwaitu alikuwa nyuma yangu na kiondo. Alinipiga kofi mbele ya watu. Ndilo kofi pekee amewahi kunipiga hadharani. Nilijua ni kwa kukosea mzee heshima, na nimejua hivyo miaka yote.

Ruka mpaka mwaka huu. Nimemaliza chuo, nimetuma application mpaka wananijibu hapana kabla sijamaliza kutuma. Rafiki yangu mmoja wa chuo akanipigia, kuna vijana wanapiga short film Konza, siku tatu, wanataka mtu wa continuity. Huyo ni yule anayekaa pembeni na daftari kuandika kila kitu, kikombe kilikuwa mkono gani, kifungo gani kilikuwa wazi, ili wakirudia picha isipishane.

Nikamuuliza, kwa hivyo kazi ni kuwa na wasiwasi? Akasema, ndiyo, na unalipwa.

Tulikuwa kwenye nyumba kuukuu karibu na reli, pande zote ni nyasi na ng'ombe za ranchi. Na nani ameletwa kuigiza mlinzi wa lango, mwenye mistari minne tu? Mzee Nzioka.

Wakuu, niruhusuni kidogo hapa, kwa sababu hizo siku tatu ni kati ya siku nzuri zaidi nimewahi kuishi.

Kati ya picha moja na nyingine kunasubiriwa sana. Mzee alikuwa anaketi chini ya kivuli cha tangi la maji na kuniambia maisha yake. Alianza kanisani, mchezo wa Krismasi, akawa askari wa Herode. Wamama wawili walikataa kumsalimia mpaka Pasaka. Hapo ndipo alijua ana kipaji.

Halafu akaingia kundi la kuzunguka shule za sekondari kuigiza set books, vile vitabu vya mtihani. Waigizaji wanne, kitabu kina watu kumi na saba. Yeye alikuwa na koti moja. Akilivaa ni chifu. Akiligeuza ndani nje ni mlevi. Akilitundika begani ni mwalimu, akijifunika nalo kichwa ni nyanya. Walifika mpaka Ndithini, dining hall, meza zimeunganishwa ndiyo jukwaa, wanafunzi wamekalia madirisha. Aliniambia siku moja alisahau kujifunika koti kichwani, akaingia kama chifu mahali pa nyanya. Watoto wa form four wakamrekebisha kwa sauti moja, maana kitabu walikuwa nacho kichwani kumshinda.

"Hao ndio walinifundisha," akasema. "Mtoto ambaye ana mtihani hawezi danganywa."

Baada ya hapo TV, redio, tangazo la sabuni, filamu za wageni ambapo alikufa mara sita, mara mbili kabla ya kusema chochote. Hajawahi kuwa mhusika mkuu. Nilimuuliza kama inamuuma.

"Kasee," akaniambia, mtoto wangu, kwa Kikamba, "uso yangu ni ya mtu wa pili. Mtu wa kwanza anapendwa. Mtu wa pili anajulikana."

Mwaka jana alipata stroke ndogo. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo na anatembea na mkongojo. "Huu mguu unaniaga," alisema, kama anazungumzia mgeni.

Siku ya pili, saa ya chai, kijana wa sauti akamwambia, "Guka," yaani babu, "tufanyie Kufuli kidogo basi." Wengine wakaanza kupiga makofi. Mzee akaniachia mkongojo nishike, akainuka, akaenda kwa mlango wa stoo ya costumes, ile ambayo mimi ndiye nilikuwa na ufunguo wake.

Akagonga kufuli mara mbili kwa kiganja. Akavuta chini. Akatembea hatua nane, na naapa mguu haukuburuta. Akasimama, kichwa kikaenda upande wa kushoto kidogo kama mtu ameitwa.

Akanusa vidole.

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi sikucheka. Kwenye TV kamera ilikuwa inamwonyesha kwa mbali, kwa nyuma, ile ya vidole sikuwahi kuiona. Kwa hivyo kichwani mwangu kulikuwa na jibu moja tu. Huyu mzee amekuwa akiniangalia nikifunga stoo. Ananiigiza mimi. Hawa watu wote wananicheka mimi, na mkongojo wake nimeushika mwenyewe.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilitafuta ushahidi. Nilihesabu nani alicheka na nani aliniangalia kwanza. Niliandika message ya kuacha kazi, nikaifuta, nikaandika fupi, nikaifuta.

Asubuhi nilimkuta chini ya tangi. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Nikasema tu, "Mzee, kwa nini ulinicheza jana?"

"Kukucheza aje?"

"Kufuli. Vile nafunga. Vile nanusa vidole. Kama ninafanya vibaya ungeniambia, si kunifanyia mbele ya watu."

Aliniangalia. Si kwa hasira. Ni kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Nusa," akasema.

"Nini?"

"Funga ile mlango halafu unuse. Nikuangalie."

Sijui kwa nini nilikubali. Nilienda, nikafunga, nikagonga, nikavuta, nikatembea, nikasimama, nikanusa. Nilipogeuka mzee alikuwa amevua kofia.

"Mimi sijakuazima wewe," akasema. "Hii kitu niko nayo tangu ukiwa kwa mgongo. Wewe ni wa nani?"

"Wa Mutua. Kalama, juu pale karibu na kanisa."

Akarudisha macho chini. "Mutua karani," akasema. Alivyotamka, nilijua kwamba analijua jina la babangu kuliko mimi.

Babangu alikufa nikiwa na miaka miwili na nusu. Picha tunazo tatu, zote amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Sauti yake siijui. Mwaitu hasemi habari zake, na mimi nilijifunza kutouliza.

Mzee akanieleza. Yeye hatungi watu. Anawaazima. Kila mtu aliyewahi kumwigiza, mwendo ulikuwa wa fulani, kikohozi cha fulani, namna ya kukalia kiti ya fulani. Na ana utaratibu wake. Anaenda kwa mwenyewe nyumbani na kilo mbili za sukari, anaomba. Akikubaliwa anakaa naye siku kadhaa. Mchezo ukiisha anaenda tena na sukari, anasimama mbele ya mwenyewe, anamfanya kwa mara ya mwisho, anasema, "Chukua, nimemaliza." Baada ya hapo hamfanyi tena, hata akilipwa.

Nilitaka kucheka kidogo, lakini yeye hakuwa anacheka.

Babangu alikuwa karani wa stoo ya kahawa. Mzee alikaa kwetu wiki moja, akalala kwenye chumba ambacho sasa ni changu. Kipindi kilipoanza, babangu alikuwa anaenda kujiona kwa jirani kila Jumapili, na ndiye alicheka kuliko wote. Kisha akaugua, na hakuchukua muda.

"Nilienda kumzika," mzee akasema. "Tulipomaliza kufukia, kuna mtu huko nyuma, simjui mpaka leo, akasema, Kufuli amefunga. Watu wakacheka. Si kwa ubaya, kasee. Walicheka kwa sababu walimpenda. Lakini mama yako alikuwa amekubeba, na aliangalia mimi. Hakuangalia aliyesema. Aliangalia mimi."

Hakurudi tena kwetu. Kwa hivyo hakurudisha.

"Kipindi kilikwisha zamani. Watu bado wananiita njiani na mimi nafanya, kwa sababu sijui nimpe nani. Sasa mguu unaenda. Nikienda nayo, nimeenda na mtu wa watu."

Wakuu, mnajua mimi. Nilikaa na hilo jambo siku kumi na moja. Nilifungua Excel. Safu moja, mwaitu akikasirika. Safu nyingine, mwaitu akilia. Nyingine, mzee apate stroke ya pili katikati ya uwanja wetu. Nyingine, nisipomwambia kabisa, nijute mpaka nizeeke. Kila nilipojumlisha, jibu lilikuwa nyamaza.

Siku ya kumi na mbili mimi na mwaitu tulikuwa tunachambua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, nikamwambia bila mpango. Nilisema yote mara moja, hata ya vidole.

Mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Unanusa vidole?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Akaendelea kuchambua. Nilisikia punje zikianguka. Baadaye sana akasema, "Hiyo sukari yake nilikunywa. Sikujua ni ya kununua bwana yangu nichekwe naye mpaka kaburini."

Nikajua tumemaliza. Nikaanza kujilaumu kimya kimya, kwa mpangilio.

Alipoinuka na ungo akasema, bila kunitazama, "Jumamosi. Mchana. Na asije na mtu wa kamera."

Alikuja saa nane, koti limepigwa pasi, kilo mbili za sukari mkononi. Mwaitu alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni. Walisalimiana kwa Kikamba, salamu fupi, ya watu wazima wasio na mengi ya kusema. Mzee akaweka sukari chini, hakuna aliyeigusa.

"Naomba kufuli," akasema.

Mimi nikataka kuleta ile ya mlango. Mwaitu akanizuia kwa mkono, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye leso. Ilikuwa kufuli ya shaba, ya zamani, nzito. Sikuwahi kuiona maisha yangu yote. Imekuwa kwenye sanduku chini ya kitanda chake.

Mzee akanipa mkongojo. Akafunga macho kidogo. Na alipoyafungua, sijui nielezeje, mabega yalikuwa ya mtu mwingine.

Akafunga mlango wa nyumba kubwa. Akagonga mara mbili, akavuta. Hatua nane kwenda kwa lango. Akasimama, kichwa kushoto, akanusa vidole. Akarudi, akaangalia. Akaenda tena, safari hii akafika mpaka langoni, akashika nguzo, akageuka. Nilikuwa najua sasa anarudi kwa kufuli, maana ndivyo ilivyokuwa kwenye TV.

Hakwenda kwa kufuli. Alikuja jikoni. Akasimama karibu na mwaitu, akainama kidogo kama mtu aliyesikia sauti, akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Umesema nini?"

Na mamangu, akiwa ameangalia moto, akajibu kama mtu anayejibu kila siku.

"Sijasema kitu. Nenda, Mutua, utachelewa."

Akasimama hapo kidogo zaidi. Akatabasamu upande mmoja. Akaenda, akatoka langoni, akapotea nyuma ya ua.

Tulikaa hivyo. Kuku alipita. Mwaitu alikuwa ameshika ncha ya leso na hakuifuta machozi nayo, aliishika tu.

Baadaye tukasikia mguu unaburuta kwenye changarawe. Mzee Nzioka alirudi, amechoka, mzee kweli kweli, nikamkimbizia mkongojo.

"Hiyo ya mwisho sikuweka kwa TV," akamwambia mwaitu. "Niliona asubuhi zote saba. Nilijua hiyo si ya watu."

Mwaitu akasema, "Hakuwa amesahau kufuli. Alikuwa anataka tu kurudi."

"Najua."

Kisha mzee akasimama wima kadiri mguu ulivyomruhusu, akasema maneno yake. "Chukua. Nimemaliza."

Mwaitu akainama, akaokota ile sukari, akaingia kupika chai.

Wiki iliyofuata nilikuwa na mzee mjini. Mtu wa pikipiki akamwita, "Kufuli, umefunga?" Mzee akainua tu mkono. Yule akarudia, akidhani hajasikia. "Niliirudisha," mzee akamjibu. "Tafuta ingine." Mwenye pikipiki akanitazama kama mimi ndiye nimeharibu mzee wa watu. Kweli, usiku huo niliwaza sana kama nimenyang'anya mji mzima kitu chao. Bado sina jibu.

Na kile nilichojifunza? Sikuponywa, msije mkafikiri. Bado nahesabu, bado nanusa. Sijui kama ni damu au niliona nikiwa mgongoni kwa mwaitu nikaiga. Lakini miaka yote nilidhani niko na kasoro ambayo nimejitengenezea peke yangu, kumbe kuna mtu alikuwa nayo kabla yangu, na watu walimpenda nayo. Na mwaitu hakuwa amechoka na mimi. Alikuwa akiniona naondoka kwa miguu ya mtu mwingine.

Jumatatu iliyopita nilikuwa na interview Nairobi. Mwaitu alinisindikiza. Nilifunga mlango na ile kufuli ya shaba, ndiyo tunatumia sasa. Yeye akatangulia mpaka langoni, amebeba bahasha ya vyeti vyangu. Nikafika hatua ya nane, nikasimama, nikajizuia nisirudi, kwa ajili yake.

Akanitazama. Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia mdomoni mwake tangu nizaliwe.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Lakini?"

Nikarudi kuangalia. Alinisubiri.

Mliokuwa mnatazama kipindi kile, niambieni mnakumbuka nini kuhusu yule karani. Hata kitu kidogo, namna alivyokalia kiti, alivyoshika kalamu. Nasikia zile kanda za kipindi zilifutwa, zikarekodiwa vitu vingine. Nitawasomea mwaitu na mzee Nzioka comments zote Jumamosi, kwa hivyo andikeni kwa adabu.